Pishi ya Fitri

Kila nikifungua gunia la mchele, harufu ya vumbi lake hunirudisha Mgogoni, kwenye asubuhi ya Idi niliyoianza kwa kilio.

Nilikuwa nimefunga Ramadhani nzima kwa mara ya kwanza, bila ya kudokoa hata kipande cha muhogo. Nako kwenye chuo cha Kurani maalimu alitwambia kwamba saumu ya mtu asiyetolewa fitri huning'inia baina ya mbingu na ardhi. Haipandi. Fitri yenyewe, sadaka ya kuwapa maskini kabla ya sala ya Idi, ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu, na tabu yangu ilikuwa hapo: pishi ni kiasi gani?

Maalimu alisema ni mateko manne ya viganja viwili. Mwalimu wa skuli alisema pishi ni mambo ya kale, siku hizi watu wana kilo. Bibi yangu, Bi Shufaa, niliyekuwa nikiishi naye peke yetu, alisema ni vibaba vinne, na kibaba chake kilikuwa kopo la maziwa lenye kutu mdomoni. Nikateka mchele kwa viganja vyangu: mateko manne hayakufika hata nusu ya pishi ya Bibi. Nikamwita Mjomba Hamadi wa nyumba ya pili, mwenye viganja kama makafi. Mateko yake yakapita na kumwagika. Basi saumu yangu ingepanda kwa mkono wa nani?

"Bibi, na ikipungua?"

"Haipungui. Weye hebu nyamaza, utanipoteza hesabu."

Alipima vyake vinne, kisha vyangu. Aliponiona bado nafuta machozi, akatia na konzi moja juu. "Na hii ya wasiwasi wako."

Nikaupeleka mchele kwa jirani yetu Bi Raya, mjane, nikarudi mwepesi. Kabla sijavaa gauni la Idi tukasikia hodi. Bi Raya yuko mlangoni na kifuko.

"Bi Shufaa, pokea fitri yangu."

Nikachungulia. Ulikuwa ule ule mchele wetu mwekundu, na chuya zake! Nikaangua kilio upya: saumu yangu imerudishwa. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akamwombea dua, akanambia nikateke maji, mchele upikwe.

Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba asubuhi ile debe letu la mchele lilibaki tupu. Asiye na ziada halazimiki kutoa fitri. Maalimu angemwambia hivyo, lakini Bibi hakwenda kumuuliza. Alikuwa na mtoto analia. Na Bi Raya, aliyelijua debe letu kama alijualo lake, akaurudisha mchele kwa jina la fitri yake.

Leo nimezoea kilo. Ila nikishapima, mkono hurudi wenyewe guniani, ukatia konzi moja juu.