Sanamu ya Mti wa Mparachichi

Mwaka huu nilirudi Tarime kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa binamu yangu. Nilikaa benchi la nyuma na binti yangu, ambaye amekulia kwenye kanisa letu la kuta tupu, spika kubwa na mapazia. Akamwona mama mmoja mzee anapita mbele ya sanamu ya Bikira Maria, anaigusa miguu, kisha anabusu vidole vyake mwenyewe. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, yule anaongea na nani?" Nikamwambia tutaongea nyumbani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwepa. Swali hilo nimelelewa nalo, rafiki yangu. Lilikaa kwetu kama ndugu aliyekuja kusalimia akakataa kuondoka, likala nasi na kulala nasi, na mpaka leo sina hakika kama lilijibiwa.

Baba alifariki nikiwa sijaanza shule, na mama akarudi kwa mama yake, mtaa wa Nyamisangura, wakati huo migomba ikiwa mingi kuliko maduka. Nyumba ya bibi ilikuwa ya tope iliyopigwa lipu mbele tu, ili mgeni anayetokea barabarani aone saruji. Asubuhi zilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilikuwa naamshwa na mlio wa kibuyu, bibi akitikisa maziwa, na harufu ya moshi wa ule mti aliotumia kukifukiza kibuyu hicho kwa ndani. Tulikunywa uji wa ulezi kwa maziwa hayo ya mgando, kisha kila mtu akashika kazi yake: mimi kufagia uwanja na kufuata maji kisimani, mama kwenda gengeni kwake, bibi shambani kwenye mihogo.

Lakini kabla ya kazi kulikuwa na sala, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Bibi alikuwa Mkatoliki tangu ujana wake. Sebuleni, kwenye kona ya upande wa jua, alikuwa ametundika picha ya karatasi ya Bikira Maria mwenye vazi la bluu, na chini yake alipiga magoti na rozari yake. Mama yangu alikuwa ameokoka baada ya msiba wa baba. Yeye alisali chumbani, macho yamefumbwa, mikono juu. Alisema Mungu hachorwi. Mimi nilikuwa katikati, mlangoni, nikisikia "Salamu Maria" kwa sikio moja na "Asante Yesu" kwa lingine, na nilitaka sana kujua ni sauti ipi inafika.

Niliuliza kila mtu. Nilimuuliza mama kwa nini picha ya babu iliyokuwa ukuta wa pili si dhambi, maana bibi aliifuta vumbi kila asubuhi na kuiambia, "Umeamkaje?" Mama akasema ile ni kumbukumbu tu. Nikauliza, na ile nyingine? Akaniambia nikamenye mihogo. Nilimuuliza babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu, aliyekuwa na ng'ombe wake kule mlimani na hakuwahi kubatizwa popote. Akacheka taratibu, akasema, "Nyamuhanga aliyeumba milima hii hana picha, na hana pazia la kanisa pia. Hao wawili waache, wote wamechelewa." Jibu hilo nalo nilikaa nalo siku nyingi bila kujua nilifanye nini.

Kisha ikaja ile mvua ya mawe. Wenyeji wa huku mnaijua, ile inayopiga bati mpaka watu hamsikilizani. Bati la zamani la bibi likatoboka juu ya kona ile ile, maji yakateremka ukutani, na tulipomaliza kuyafagia tukakuta picha imelowa chapa. Bibi aliitandaza juu ya ungo ikauke juani. Ilikauka, lakini uso ulikuwa umefutika. Lilibaki vazi la bluu, na juu yake doa la kahawia. Mvua hiyo hiyo iling'oa mti wetu wa mparachichi nyuma ya nyumba.

Mimi niliona jinsi mama alivyojizuia kusema. Bibi aliketi na ungo ule mapajani kama mtu anayechambua mchele.

Wakati huo tulikuwa na mpangaji katika chumba cha uani, kijana kutoka Dodoma aliyekuja kutafuta dhahabu. Alikuwa akichimba kwenye mashimo madogo upande wa Nyakunguru mpaka udongo ulipomwangukia na kumvunja mguu. Alikuwa anatembelea gongo, na kwa sababu hakuweza kufanya kazi nyingine, alichonga miiko na vigoda. Kanisani haendi, msikitini haendi. Alimwona bibi na ungo wake, akasema, "Bibi, mti umelala pale bure. Nikuchongee sanamu badala ya hiyo picha?"

Bibi akamtazama mikono. "Mura," akasema, kama Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume, "utaweza?"

"Naweza. Ila mimi huyo mama simjui. Ana sura gani?"

"Sura ya mama," bibi akajibu. "Basi."

Akachonga majuma kadhaa, akiwa ameketi kwenye kigoda kivulini mwa ukuta. Mimi nilikuwa pale kila nilipotoka shule. Mti wa mparachichi ukiwa mbichi una harufu tamu kidogo, na vipande alivyovitupa nilivikusanya vikawa kuni. Mama akavipikia maharage. Jioni moja, huku akipuliza moto huo, akanieleza habari iliyo katika Maandiko ya mtu anayekata mti mmoja, nusu akaota moto na kuokea mkate, nusu akaifanya mungu akaipigia magoti. "Sasa wewe mwenyewe una macho," akaniambia. "Tazama jikoni, halafu tazama kule nje."

Nilitazama. Kwa kweli ulikuwa mti ule ule. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekula matunda yake kwa chumvi. Sanamu ilipokwisha na kusimamishwa kwenye kona, bibi akiwa shambani nilikwenda nikaweka sikio langu kifuani pake. Sikusikia kitu. Lakini niliona aibu, kama mtu aliyechungulia, na nikajiuliza kwa nini nione aibu mbele ya kuni.

Katekista wa kanisa la bibi alikuja kuiona, akaizunguka, akasema ni nzuri na kwamba ikabarikiwe. Mama alikuwa anapepeta ulezi mlangoni. Akauliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Ile amri inayokataza sanamu, ninyi mnaisomaje?" Katekista akasema Mungu huyo huyo ndiye aliyemwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba ili watu watazame wapone. Mama akasema ndiyo, na baadaye mfalme mmoja akamponda nyoka huyo kwa sababu watu walianza kumfukizia ubani. Katekista akanywa uji wake akaaga. Mimi nilibaki na hamu ya kusikia mwisho wa mazungumzo yale, na hakuna aliyenimalizia.

Mambo yakawa magumu kina mama wa kanisa la mama walipopanga ibada ya nyumbani kwetu. Ilikuwa zamu yake, na alikuwa amengojea kwa furaha, maana tangu baba afariki hakuwa amealika watu. Akamwomba bibi sanamu ikae chumbani siku hiyo moja. Bibi akakataa. Hakukasirika, alisema tu, "Mwanangu, mgeni akija kwangu simfichi mwenyeji." Mama akasema basi yeye na mimi tutahama, kuna chumba amekiona Bomani karibu na gengeni. Nilimsikia akikunja nguo zetu. Nikawaza baridi ya asubuhi bila kibuyu cha bibi, na kwa mara ya kwanza nikaichukia ile sanamu.

Kina mama walikuja, wakaketi kwenye mikeka, wakaimba. Mama alikuwa amekaa akiipa kona mgongo. Wakati wa maombi wote walifumba macho isipokuwa mimi na jirani yetu mmoja, mama mnene mpole aliyekuwa mgeni katika kanisa lao. Yeye alikuwa anaitazama sanamu. Kisha anamtazama mama. Kisha sanamu tena. Waliposema amina, akauliza bila ubaya wowote, "Mama, kwani huyu si wewe?"

Wote wakageuka. Mama naye akageuka, na nadhani ndiyo siku ya kwanza aliyoitazama kweli. Paji la uso lile pana. Shingo iliyoinama kidogo kushoto, kama anavyoinamisha mama akisikiliza. Hata lile kovu dogo la nyusi, kijana yule alikuwa amelipitishia patasi. Mimi nilikuwa nimeiona sanamu ile kila siku na sikuwa nimeona.

Mama aliinuka akatoka nje. Nikamfuata. Mpangaji alikuwa uani akinoa kisu.

"Kaka, kwa nini umenichonga mimi?"

Akaona amekosa, akashika gongo lake asimame. "Dada, usikasirike. Bibi aliniambia sura ya mama. Mimi mama yangu yuko mbali, nimeanza kumsahau. Hapa mama ninayemwona akibeba maji, akipika, akimwita mtoto wake jioni, ni wewe. Sikuwa na mwingine wa kumtazama."

Mama alisimama pale hata kina mama wengine wakaanza kuaga mmoja mmoja kwa upole. Jioni, tukiwa tunakula, akaweka tonge chini.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua siku aliyoileta," bibi akasema.

"Na ukapiga magoti mbele yake?"

"Nilipiga."

"Kwa hiyo unaniomba mimi?"

Bibi akanawa mkono kwanza. "Sikuombi wewe, wewe hata chumvi hujaweka leo. Nakuombea. Tangu umefiwa sijalala vizuri. Ile picha ya zamani ilikuwa ya mzungu, nilikuwa napata shida kumweleza Mama wa Yesu ni nani ninayemsemea. Sasa namwambia, mwenye sura hii, mtunze. Sielezi sana tena."

Mama alilia, bila kelele, akaendelea kula. Hakubadili imani yake na bibi hakubadili yake. Lakini nguo zetu zilirudi kwenye sanduku la bibi, na habari ya chumba cha Bomani haikutajwa tena. Ibada za nyumbani zikahamia kwa yule jirani. Mpangaji alipopona mguu alirudi machimboni. Aliaga kwa kunipa mwiko mdogo, na hatukumsikia tena. Nimewahi kuwauliza watu wa Nyakunguru, lakini kule watu wanakuja na kuondoka, hakuna anayemkumbuka Mgogo mmoja mwenye gongo.

Sanamu yenyewe haikudumu. Mparachichi si mti wa kudumu. Mchwa waliingia kwa chini, wakapanda kimya kimya, na siku moja bibi alipoigusa ikazama chini ya kidole kama keki. Nilidhani atalia. Alifagia ule unga, akautupa kwenye migomba, akasema mti umekwenda ulikotoka. Siku zilizofuata aliendelea kupiga magoti pale pale, akielekea kona tupu. Nilimuuliza mama kama sasa bibi anasali sawa na sisi. Mama akasema hajui.

Wakati huo macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Jioni moja akamwambia mama, "Leta kigoda ukae pale konani, unisomee Neno. Hapo kuna mwanga." Mama akakaa. Akasoma, na bibi akasikiliza akiwa amemwelekea, rozari mkononi, midomo ikichezacheza. Hakuna aliyemkataza mwenzake. Ikawa desturi yao mpaka bibi alipofariki, na mimi nikiwa jikoni nikikoroga ugali nilizisikia sauti zote mbili kwa pamoja, nisijue tena ipi ni sala na ipi ni masomo.

Nyumba ile haipo. Pale pana duka la vifaa vya ujenzi lenye sakafu ya marumaru, na migomba imeisha. Watoto wa siku hizi hawajui kufukiza kibuyu, maziwa yanatoka kwenye pakiti. Makanisa yamekuwa mengi, na watu wa kanisa moja wanapita mlango wa lingine bila hata kugombana. Huko kugombana ndiko ninakokukumbuka, kwa sababu kulifanywa na watu waliokula sahani moja.

Baada ya komunyo nilimpitia mama, ambaye sasa anaishi na mdogo wake hapo hapo mjini. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, ile sanamu anaionaje.

"Haifai," akasema bila kusita. "Haikufaa wakati ule na haifai sasa." Akapangusa miwani. "Lakini alinichonga vizuri yule kijana."

Kisha akafungua ukurasa wake wa jioni, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyozoea. Nikagundua bado anasoma polepole, kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayemsomea asiyeona. Mbele yake palikuwa na ukuta tu. Nikavuta kiti nikakaa hapo, nikimwelekea.