Nilipoinyamazisha Pikapu ya Baba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kelele ndogo hunishinda kuliko kubwa. Mtoto akigongagonga kalamu kwenye dawati darasani, nasahau somo. Kwa hiyo miaka ile ya vita, wakati watu wenye akili timamu walikuwa wanaogopa milio ya bunduki, mimi nilikuwa nanyimwa raha na pikapu ya baba.

Ukiiwasha tu, kitu kilianza kugonga mbele, chini ya kapo, yaani boneti: te, te, te, te. Ukikanyaga mafuta, kinakimbia pamoja nawe. Ukiachia, kinapunguza mwendo lakini hakinyamazi. Watu wa Mulekera, mtaa wetu wa Beni, walikuwa wanatusikia tangu kwenye kona, na wanafunzi wangu walinisalimia asubuhi kwa kunigongea meno, te te te, kisha wakakimbia. Nilicheka nao, lakini moyoni niliona aibu. Baba yangu, mfanyabiashara wa viazi na maharagwe, mtu anayepiga pasi hata soksi zake, angewezaje kuendesha gari linalokohoa namna ile?

Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba tulipeleke kwa fundi. Kila mara alinijibu maneno mawili, bila kuinua macho.

“Iache ilie.”

Nikafikiri ni ubahili wa uzee.

Ningeiacha kweli, kama si jicho la mama. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezimika miaka miwili nyuma. Sasa la kulia nalo lilianza kumuuma, na kila akiitazama taa aliona duara za rangi zikiizunguka. Muuguzi wa mtaa wetu alisema ni presha ya ndani ya jicho, na kwamba bila kupasuliwa litafuata njia ya mwenzake. Kisha kanisani likatangazwa jambo tulilokuwa tunaliombea: daktari wa macho amefika Butembo, atapasua watu kwa siku chache, halafu ataondoka na ndege. Jina la mama liliandikwa kwa siku ya mwisho kabisa ya upasuaji, Jumatatu.

Kutoka kwetu hadi Butembo si mbali kwa mtu anayehesabu kilomita. Sisi tulikuwa tunahesabu milima, matope na vizuizi vya askari. Alhamisi baba alipanda lori kwenda Masereka kutafuta viazi, akaiacha pikapu uani ipumzike kwa ajili ya safari ya mama. Nikabaki naiangalia. Usiku nililala nikiwaza mpando wa Kalunguta, njiani kwenda Butembo: injini inagonga, inagonga, kisha inavunjika, na mama ameketi pembeni yangu na kitambaa usoni, msituni, hakuna mtu isipokuwa wale ambao hutaki wakukute. Asubuhi nilikuwa nimeamua.

Ijumaa baada ya shule nikaipeleka kwa fundi niliyemjua, mwimbishaji wa kwaya ya Waprotestanti, aliyefanyia kazi nyuma ya nyumba yake penye migomba. Hakugusa spana hata moja kwanza. Aliniambia niwashe injini, akasimama amefumba macho na kichwa amekiinamisha, kama anavyomsikiliza mtu wa sauti ya pili anayepotea.

Kisha akaanza kuuliza injini maswali, moja baada ya lingine. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena: oili ipo. Akapitisha kiganja kando ya bomba la moshi, pale linapoungana na injini, kutafuta kama kuna pumzi moto inayotoroka. Hakuna. Akachukua kitambaa kikavu akaanza kung'oa nyaya za plagi, mmoja mmoja, huku injini ikitetemeka kwa kukosa nguvu. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kana kwamba ningeweza kuisaidia. Alinieleza kwamba mlio ukitoka chini, kwenye vyuma vizito, ukichomoa waya utapungua; na hilo ndilo gonjwa la kuua injini. Lakini akichomoa wowote, te te te iliendelea vilevile, bila kupungua wala kuongezeka.

“Iko juu,” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikashusha pumzi.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye kifuniko cha juu cha injini, mpini akaubana sikioni. Akahama kidogo, akahama tena. Akanipa na mimi nisikilize. Kwenye sehemu nyingi nilisikia mngurumo tu. Sehemu mbili, ule mlio uliniingia sikioni hadi nikarudi nyuma. Fundi akatabasamu. Akazima, akafungua kifuniko, akanionyesha safu ya vikono vidogo vya chuma ambavyo hubonyeza supape, yaani vile vizibo vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Kila kikono kinahitaji nafasi ndogo sana ya kupumua. Ikizidi, kikono hupiga badala ya kubonyeza. Vikono viwili vilikuwa vinacheza kama jino la mtoto.

Fundi hakuwa na kipimo cha kiwandani cha nafasi hizo. Askari walikuwa wamekomba sanduku lake la vifaa zamani. Alichokuwa nacho ni nyembe mpya za kunyolea, zile nyembamba za pande mbili. Mbili zikipangwa moja juu ya nyingine, ndiyo nafasi ya supape ya hewa. Tatu, ya supape ya moshi. Alikuwa anazungusha injini kwa spana, taratibu, anapitisha nyembe, anakaza, anazivuta kwa vidole viwili mpaka azisikie zinakwaruza kidogo tu. Nilipenda kazi ile. Ilikuwa kazi ya mtu asiye na haraka, na mimi sijawahi kuwa mtu huyo.

Alipofika kwenye vile vikono viwili vilivyolegea, alisimama. Akaipapasa nati kwa kidole gumba.

“Madamu, hii nati hapana kujilegeza yenyewe. Mutu njo aliilegeza, kisha akaikaza tena, nguvu. Papa yako anajua uko hapa?”

“Anajua,” nikasema.

Uongo huo ulinitoka mdomoni laini kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nawachapa watoto kwa uongo. Nilidhani fundi fulani mbovu aliwahi kuiharibu, na baba anaona haya kukiri. Fundi akanitazama kidogo, akakaza. Alipomaliza akanifungia zile nyembe kwenye karatasi, nikazitia kwenye kisanduku cha mbele ndani ya gari, nizipeleke nyumbani kama kumbukumbu ya ushindi.

Na ushindi niliusherehekea. Injini ilikuwa inanguruma pole, huwezi kuamini ni ileile. Badala ya kurudi moja kwa moja, nikazunguka mji. Nikapita sokoni, nikapita parokiani, nikapita mbele ya kambi ya askari nikiwa nimefungua dirisha, nasikiliza ule ukimya. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema. Mimi siku hiyo sikuwa na nafasi ya wahenga.

Baba alirudi Jumamosi jioni. Niliiwasha pikapu kabla hajavua koti, nikasimama pembeni nikingoja kusifiwa. Alisikiliza. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango.

“Batu gani balisikia?” akauliza.

Nikamtajia: soko, parokia, kambi. Nilipofika kwenye kambi, sauti yangu ilikuwa imeshaanza kupotea, kwa sababu nilikuwa nauona uso wake.

Hapo ndipo aliponieleza. Majirani walipoficha magari yao, walitoa magurudumu na kuyaweka magari juu ya matofali. Askari wakajifunza kumpiga mwenye gari mpaka gurudumu lionekane. Wengine walizika vyuma vya injini chini ya migomba. Askari wakajifunza kuchimba. Baba akaamua kuiacha pikapu yake itembee, ila ionekane inakufa. Alilegeza supape mbili kwa mkono wake mwenyewe, kiasi cha kupiga kelele bila kuharibu kitu. Mara tatu askari walikuja kuichukua. Mara tatu yeye mwenyewe aliwafungulia kapo kwa huzuni, akawasha. Nilikuwepo mara moja. Nakumbuka mmoja wao akicheka kwa Kilingala, “Moteur ekufi,” imekufa hiyo, wakaenda zao. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwonea baba aibu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumkasirikia.

“Kama haujue kitu, hata bakupige namna gani, hautakuwa na ya kusema.”

Giza lilikuwa limeingia, barabara ilikuwa imefungwa, na kuwasha injini usiku kungewaita askari. Baba alisema atailegeza tena kukipambazuka, ilie, halafu Jumatatu alfajiri tutampeleka mama. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumapili hatukwenda misa ya kwanza. Mama aliketi ndani akisali rozari kwa sauti ndogo. Baba alifungua kifuniko cha injini, akalegeza kikono cha kwanza, akawasha ajaribu. Te, te, te. Sijawahi kufurahia mlio kama ule. Alikuwa anainama kulegeza cha pili nilipoona mikono yake imesimama. Askari wanne walikuwa wameshaingia uani. Walikuwa wamekuja moja kwa moja, bila kuuliza nyumba.

Mkubwa wao hakuwa na makelele. Alisikiliza injini, akaitazama spana mkononi mwa baba.

“Vendredi ilipita pale camp, ilikuwa inanyamaza. Leo inalia juu ya nini?”

Alikuwa anaisema ile Ijumaa yangu. Baba akasema ni nzee, inaugua na kupona. Yule mkubwa akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyekwisha kuliona jibu kwenye daftari la jirani.

“Papa, ile ulifungua, funga.”

Mmoja wa wenzake akamsogelea baba kwa nyuma na bunduki. Baba akasema hawezi kufunga bila kipimo. Nadhani alikuwa anatafuta dakika chache tu, mtu yeyote apite, jambo lolote litokee. Yule askari akaiweka bunduki shingoni mwake. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kujua wakati wa kufumba, nikasema nyembe zipo, zipo kwenye kisanduku.

Nikazileta mwenyewe. Nikamfungulia baba ile karatasi. Alizipitisha nyembe mahali pake, akakaza, akazivuta kwa vidole viwili kama alivyofanya fundi. Pikapu ikanyamaza. Wakapanda, wakaondoka nayo, na haikutoa mlio wowote mpaka ilipopinda kona.

Jumatatu hakuna gari lililotoka Beni. Kulikuwa na risasi upande wa barabara. Tulipanda lori la mafuta ya mawese Jumanne, mama juu ya mapipa, kichwa chake kifuani mwangu, kitambaa kimefungwa juu ya jicho. Kwenye mpando wa Kalunguta lori halikusumbua hata kidogo. Hospitalini Butembo tukakuta vitanda vimetandikwa upya. Daktari alikuwa ameondoka jana yake jioni. Muuguzi wa pale alikuwa mtu mwema, akatupa dawa ya kudondoshea, akatwambia turudi akija mwingine. Hakuja mwingine kwa wakati. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, mama alianza kuuliza kama kumekucha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tangu utotoni naijua methali hiyo, nimeiandika ubaoni mara ngapi sijui. Hakuna aliyeniambia kwamba guu linaweza kuwa la mama yako.

Baba hakuwahi kulisema jambo lile mbele ya watu. Walipouliza, alijibu tu kwamba askari walichukua. Mimi sikuweza hata kumshukuru kwa hilo.

Ilipita miezi mingi. Mchana mmoja tulikuwa barazani sisi watatu, mama anabambua maharagwe kwa kupapasa, jambo alilokwisha kulizoea hadi alitushinda kwa kasi. Akainua kichwa. Mimi sikuwa nimesikia kitu bado.

“Ile ni yetu,” akasema.

Kisha nasi tukaisikia, ikija kutoka upande wa kambi. Ilikuwa inagonga, lakini si te te te ya zamani. Huu ulikuwa mlio mzito, wa chini, wa chuma kinachokula chuma. Baba aliusikiliza ameinamisha kichwa.

“Ni yetu, lakini sasa iko mugonjwa ya kweli.”

Mlio ukakaribia nyumba. Mikono ya mama ikatulia ndani ya ungo, uso wake umeelekea barabarani, macho wazi.

“Inapita ao inasimama?” akaniuliza.

Niliitazama mpaka ikavuka lango letu, imejaa askari, rangi imechubuka, taa moja haipo.

“Inapita, mama,” nikamwambia, naye akarudi kwenye maharagwe yake.