Kipa Aliyeanguka Juu ya Mawe

Enzi zetu kule Goma kipa hakuanguka. Ninyi mliokula vumbi jeusi la mtaa wetu wa Mabanga pamoja nami mtanishuhudia. Kipa alisimama. Mpira ukija miguuni aliupiga teke, ukija kifuani aliukumbatia, ukienda pembeni aliusindikiza kwa macho kama mgeni anayeondoka, kisha akageuka kuwagombeza mabeki. Vijana wa leo wanacheza kwenye majani ya plastiki, wanaruka ovyo kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliomwagwa kwenye karai, halafu wanatuuliza kwa nini sisi hatukuwa tunaruka. Njooni niwaonyeshe kiwanja chetu. Mlima ulipotapika zamani, ulitumwagia mawe meusi yenye meno, na watu wazima walipomaliza kujenga nyumba juu yake, kipande kilichobaki, ambacho hata mbuzi walikikataa, walituachia sisi watoto tuchezee mpira.

Mpira wenyewe tuliushona kwa vipande vya shitingi, zile turubai walizogawiwa watu waliokimbia vita. Miaka ile kila kitu kilikuwa cha shitingi: paa, choo, mfuko wa shule, koti la mvua. Vita vilikuwa Masisi, na barabara ya magharibi, ile ya kutoka Sake, ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Sisi asubuhi tulisoma, mchana tukaenda ziwani kuchota maji kwa bidoni za njano, tukala bugali na sombe, yaani kisamvu, na saa tisa tukawa kiwanjani. Mama alikuwa na amri moja tu: "Ukirudi na damu, usinionyeshe. Pita kwa nyuma, uoshe na chumvi, ndiyo unisalimie."

Mimi Muhindo nilikuwa kipa namba moja wa Mabanga. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijiona mtu mzito. Timu ilikuwa na komite, yaani wazee watano waliokaa juu ya bidoni tupu pembeni ya uwanja na kujua kila kitu. Rais wao alikuwa Papa Kambale, muuza maharagwe, mtu wa Butembo kama baba yangu. Urais aliupata kwa sababu mpira wa ngozi, ule wa siku za mechi, ulikuwa wake, na jezi ya kipa pia ilikuwa yake. Jezi nasema kwa heshima. Ilikuwa sweta ya kijani ya mke wake, ya sufu nzuri, yenye vifungo viwili begani. Kocha alikuwa Mwalimu Safari, aliyetufundisha hesabu darasa la sita na kutuchapa kwa fimbo ileile aliyoonyeshea mabeki mahali pa kusimama.

Wiki moja kabla ya mashindano ya vakansi, likizo ya shule, tulicheza mechi ya kirafiki na watoto wa Birere, kujipima. Kipindi cha kwanza nilidaka mimi. Nilifungwa mabao matatu, yote nikiwa nimesimama wima. Kipindi cha pili Mwalimu alisema tumjaribu yule wa akiba, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Bauma. Alikuwa amefika mtaani miezi michache iliyopita kutoka Loashi, huko Masisi, na alilala kwa shangazi yake nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa mwembamba, haongei. Nilimvulia sweta, akaivaa ikamfika magotini.

Mpira wa kwanza uliokuja langoni ulikwenda pembeni, na Bauma akaanguka. Sisemi aliteleza. Alijirusha mwili mzima juu ya yale mawe, akaupata mpira kwa vidole, akainuka damu ikimtoka kiwikoni, akaurudisha uwanjani kana kwamba hakuna lililotokea. Mchezaji mmoja wa Birere alimuuliza kama yuko mzima. Alianguka mara nne siku ile na kuokoa mara nne, na bao moja tu ndilo lililompita. Huyu alikuwa mtoto wa wafugaji, amekulia kwenye majani marefu ambako mtu anaanguka na kulala usingizi hapohapo. Hakuna aliyemwambia kwamba huku kwetu ardhi inauma, na hata alipojionea mwenyewe hakuacha.

Mechi ilipoisha komite ikakaa kumpima. Naikumbuka hukumu ile kuliko hukumu yoyote niliyosikia baadaye mahakamani, na mahakamani nimefika.

"Ule mutoto anaangukaka sana," alisema Papa Kambale, ambaye kipa alimwita gardien. "Gardien wa kweli anasimama. Akianguka ni kusema alikuwa mahali pabaya."

Mzee mwingine akasema miguu yake haina nguvu, ndiyo maana haimshikilii. Wa tatu akasema huenda ni kifafa, aulizwe shangazi.

"Lakini amefungwa moja tu," alisema Mwalimu Safari, ambaye kuhesabu ilikuwa kazi yake. "Muhindo amefungwa tatu."

"Muhindo amefungwa kwa heshima," alijibu Papa Kambale, na huku akisema alikuwa ameshika sweta ya mke wake, ananyoosha kidole kupitia tundu lililotoboka kiwikoni. Nadhani kesi iliamuliwa na tundu lile. "Huyu hana avenir ya mupira, hana kesho. Mwaka huu hafiki mbali."

Basi Mwalimu akanigeukia mimi. "Wewe ni mwenzake. Unamuonaje?"

Nilijua ukweli. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu tangu mpira ule wa kwanza. Nikasema, "Anaogopa mupira, Mwalimu. Ndiyo maana anaanguka." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kijana ana akili. Bauma alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka pale. Alisikia kila neno.

Kesho yake tulikutana ziwani kuchota maji. Alikuwa anaosha viwiko, anang'oa vijiwe kwa ukucha. Nilitegemea anitukane, hata nilikuwa nimetayarisha jibu. Yeye akaniuliza kitu kingine kabisa.

"Ile siku ya Kibati, batasoma majina ya akiba?"

Mechi ya kwanza ya mashindano ilikuwa Kibati, kilomita chache kaskazini mwa mji, kando ya kambi ya waliokimbia. Kule kulikuwa na bwana mmoja mwenye megafoni, ambaye kabla ya mechi alisoma majina ya wachezaji. Nilimwambia hapana. Wanasoma kumi na moja tu, maana betri ni ghali. Wa akiba anasomwa akiingia.

Bauma akanieleza. Siku walipokimbia Loashi, mama yake alishika njia ya chini akiwa na mdogo wake mgongoni, na yeye akapelekwa njia ya juu na mbuzi. Njia zile zilikuwa zikutane mbele. Hazikukutana. Watu walimwambia wa Loashi wengi wako Kibati. Alikwenda kwa miguu mara mbili, akatembea kati ya vibanda akiita.

"Kule kila mutu anaita mutu," alisema. "Sauti yangu haitoshi. Lakini ile megafoni inasikika mpaka mwisho wa kambi. Mama akisikia jina yangu, atakuja."

"Si umuombe yule bwana tu?"

"Nilimuomba. Alisema hii ni ya mupira, haiko ya kutafuta bamama."

Nilijaza bidoni zangu nikapanda nazo nyumbani. Nilikuwa nimemtolea mtoto huyu ushahidi wa uongo ili nibaki na sweta ya mke wa muuza maharagwe. Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Lakini msinidhanie mtakatifu. Niliwaza kwenda kwa Mwalimu kumwambia naumwa, nikakumbuka kwamba binamu zangu wote watakuwa Kibati, watasikia jina langu likitoka kwenye megafoni, na siku tano zikapita sijakwenda kwa Mwalimu.

Jumamosi tukapanda lori la maharagwe la Papa Kambale, komite mbele, sisi juu ya magunia. Kibati ilikuwa imejaa. Sijawahi tena kuona watu wengi namna ile kwenye mechi ya watoto. Hawakuwa na kazi, hawakuwa na mashamba, wakaja kutuangalia sisi. Moshi wa kuni mbichi, harufu ya maharagwe yasiyoiva, akina mama wenye watoto migongoni mpaka huko mwisho ambako macho hayafiki. Bwana wa megafoni akapuliza, akasoma. "Gardien, Muhindo." Nililisikia jina langu likienda mpaka kwenye vibanda vya mwisho na kurudi. Mama yangu mimi alikuwa Mabanga, anakaanga samaki, anajua kabisa niliko. Bauma alikuwa amekaa chini pembeni ya bidoni za wazee, mikono katikati ya magoti, anaangalia wale akina mama mmoja mmoja.

Nilidaka kama dakika kumi na tano hivi. Kisha mchezaji wao mmoja akapiga shuti bovu, mpira unatoka nje, mbali na lango, hata mtoto wa kunyonya aliona unatoka nje. Nikaurukia.

Kuanguka mara ya kwanza juu ya mawe ya volkano siwezi kuwaelezea vizuri, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimefumba macho. Goti la kulia lilifunguka. Mpira ulikuwa umeshapita zamani. Nililala pale nikisikia komite nzima imesimama, na sauti ya Papa Kambale ikiwa juu ya zote:

"Mumeona? Ule sasa ndiyo gardien!"

Nilimwambia Mwalimu siwezi kusimama. Alinitazama goti, halafu akanitazama usoni, muda mrefu kidogo kuliko goti lilivyohitaji. Mtu aliyefundisha watoto miaka mingi hahitaji kuelezwa sana. Alinivua sweta yeye mwenyewe akampa Bauma. Bauma hakukimbilia langoni. Alikimbilia kwanza kwa bwana wa megafoni, akamwambia kitu sikioni, na yule bwana, sijui ni kwa kuona damu yangu au ni kwa kuchoka kusumbuliwa, akatumia betri zake.

"Anaingia gardien wa akiba. Bauma. Mutoto wa mama Furaha. Wa Loashi."

Mchezo ukaendelea. Bauma alianguka kushoto, akaanguka kulia, na watu wa Masisi waliokuwa pale wakaanza kucheka kwa furaha, kwani waliutambua uangukaji ule. Kisha mwanamke mmoja akaingia uwanjani mpira ukiwa unachezwa. Alipita katikati ya wachezaji kama anayevuka barabara ya kwao, refa akipuliza filimbi hata hamsikii, akafika langoni, akamshika Bauma kidevu na kumwinua uso. Hakuwa mama yake. Alikuwa jirani yao wa Loashi. Nilikuwa nimelazwa karibu na nguzo ya goli, nikasikia alichomwambia.

"Mama yako iko Sake na mudogo yako. Kila siku anakulilia. Twende."

Bauma akaenda. Hakumuuliza kocha, hakungoja nusu ya mechi. Alimshika mkono yule mama, wakaondoka wakipita nyuma ya lango, na sweta ya kijani akiwa nayo mwilini. Wale wa Kibati hawakuwa watu wa kupoteza nafasi. Walitufunga bao kwenye lango tupu, na refa akalikubali.

Lori lilikuwa limeshakwenda kubeba maharagwe, kwa hiyo nilirudishwa Mabanga juu ya chukudu, ule usafiri wetu wa mbao wa magurudumu mawili, nimelazwa kama gunia la mkaa, goti limefungwa kwa kitambaa, na komite ikitembea pembeni yangu inahukumu.

"Tulisema," alisema Papa Kambale. "Gardien gani anaacha goli wazi? Na sweta ya bibi yangu! Nilisema hafiki mbali."

Sake ni kilomita zaidi ya ishirini na tano kutoka Goma.

Baada ya mwezi mmoja hivi yule jirani alikuja sokoni akaacha kifurushi kwa Papa Kambale. Ilikuwa sweta, imefuliwa, imekunjwa. Tundu la kiwiko lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo midogo iliyobanana, ambayo hakuna mtoto wa miaka kumi na miwili anayeweza kuishona. Papa Kambale alilalamika kwamba uzi wa bluu haupatani na sufu ya kijani. Mimi niliivaa mashindano yote, goti likiwa gumu, nikifungwa kwa heshima, na kila mara nilipochoka nilikuwa nashika kiwiko.

Sikumwona tena Bauma. Siku hizi watoto wetu wana simu mfukoni, mama yuko umbali wa kidole, na hawampigii mpaka vocha imewaishia na wanataka nyingine. Wanamwona kipa kwenye kioo cha simu sekunde kumi, wanatangaza huyu ni moto, huyu amekwisha. Nawacheka, ingawa sisi tulifanya vilevile, tena bila umeme. Kiwanja chetu cha mawe kimejengwa nyumba ya ghorofa. Kibati nayo imejaa shitingi tena, zimechakaa, zikaletwa mpya, na hilo ndilo jambo moja la utoto wangu ambalo ningefurahi watoto wa leo wasilijue.

Mimi sasa niko kwenye komite. Nimepewa kiti cha plastiki, maana bidoni zinanisumbua goti. Waliponiuliza nataka kazi gani, niliomba megafoni. Kila mechi ya Kibati nasoma wa akiba kwanza, jina lake, jina la mama yake, kilima walikotoka, polepole, mara mbili. Vijana wanapiga kelele kwamba napoteza wakati na kumaliza betri. Nawaacha wapige kelele, nageuza megafoni ielekee kambini, nasoma mara ya tatu.