Njugu Zilizopelekwa Kliniki

Everlyne Nakuam aliuza njugu mtaani Bulla Pesa tangu Judy wake akiwa mtoto wa mgongoni, na hakuwahi kuuza hata kilo moja. Aliuza kikombe, tena cha kilima. Ukimpa mteja kikombe kilichosawazishwa mdomoni, Bulla Pesa hayo ni matusi, na mteja atakutangaza hadi mtaa wa Wabera.

Basi ikaja simu kutoka Meru. Alikuwa Mama Kiugu, ambaye mwanawe alitaka kumwoa Judy.

"Jumamosi tunakuja kuonana rasmi, Mama Judy. Mchuzi ya kuku uweke njugu kilo na nusu, isizidi, isipungue. Mimi napika na mizani. Nyumba yenye haipimi mimi siiamini."

"Sawa," Everlyne akajibu kwa sauti ya mtu anayejua, kisha akakaa chini kwa uzito. Kilo na nusu ni vikombe vingapi? Jirani mmoja alisema vitatu, mwingine akaapa ni tisa. Bucha lilikuwa karibu, lakini nani asiyejua kwamba mizani ya pale husoma vile mwenyewe ameamka? Everlyne aliogopa kwelikweli. Judy alimpenda yule kijana, na binti hawezi kukosa mume kwa sababu ya karanga.

Ndipo akakumbuka mizani isiyodanganya: ile ya kupimia watoto, katika zahanati iliyojengwa baada ya serikali ya kaunti kuingia. Siku ya kliniki akapanga foleni na kina mama, njugu zikiwa kifuani. Suruali ya kupimia ina matundu mawili ya miguu, na njugu hazina miguu, kwa hiyo alizifunga ndani ya leso, akakaza hapa na pale mpaka zikapata kichwa.

Nesi Lul, mteja wake wa zamani, alicheka hadi akashika ukuta. Lakini kazi ni kazi. Akautundika ule mzigo.

"Ni vikombe vinne vya kilima," Everlyne akanong'ona.

Lul akasoma kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kusikika mpaka nje: "Kilo moja na nusu!"

Benchi zima la nje likageuka: mtoto wa kilo moja na nusu! Mama mmoja akamkumbatia mtoto wake. Everlyne, kwa furaha ya kupata jibu, akaunyakua mzigo, akautumbukiza kikapuni kichwa chini, akaweka vitunguu juu yake, akaenda zake.

Jua halijatua, Bulla Pesa ilikuwa imeshapata mtoto. Everlyne amepita umri wa kuzaa, basi ni wa Judy. Kwani Judy hakuvaa deera, lile gauni pana, wiki nzima? Majirani wakaleta uji. Kadiri Everlyne alivyosema ni njugu, ndivyo walivyozidi kumhurumia, maskini, akili imemruka.

Jumamosi Mama Kiugu alipata habari kabla hajavuka stendi. Akaingia na mfuko wa nguo za mtoto alizonunua njiani, uso umekunjamana.

"Mtoto iko wapi?"

Everlyne alikuwa amechoka kubishana. "Iko jikoni, kwa sufuria."

Mama Kiugu akapiga ukemi, akakimbia jikoni, akafunua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni. Akachungulia, akachukua mwiko, akaonja. Judy alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Sina mizani," Everlyne akasema. "Nilipeleka njugu kliniki, zikapimwa kama mtoto. Ulisema nyumba yenye haipimi hauiamini, na mimi sikutaka msichana wangu akataliwe juu yangu."

"Ulipanga foleni? Na karanga?"

"Nilipanga."

Mama Kiugu akaketi juu ya debe, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba. Halafu akaonja tena, polepole, bila kucheka.

Kiugu na baba yake walikuwa bado wanavua viatu nje Mama Kiugu aliposimama na kumwekea Judy ule mfuko wa nguo mikononi.

"Weka hizi vizuri," akasema. "Mimi sirudi nazo Meru."