Foleni ya Wenye Waume

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya simu ya Jumanne. Nilikuwa juu ya jukwaa kule Area D, napanga tofali, mke wangu akapiga. Damari si mtu wa kulalamika. Ukimkanyaga mguu atakuuliza wewe kama hujaumia. Siku hiyo alisema, "Baba Neema, kliniki sirudi tena."

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Akanieleza kwamba kwenye zahanati ya kijijini kwetu aliyefuatana na mume hutangulia, na aliyekuja peke yake husubiri mpaka wenye waume waishe. Alikuwa ameshinda benchini tangu asubuhi, kichwa kinamgonga, miguu imevimba. Saa za kazi zikaisha, nesi akamwambia arudi na mwenzake. Mwenzake ndiyo mimi, na mimi niko Dodoma natafuta riziki. Nilishuka na mwiko mkononi. Msimamizi akauliza naenda wapi, nikamjibu naenda kupanga foleni.

Saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata nilikuwa ndani ya basi la Mpwapwa. Kufika Mbande nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kumpa huyo nesi, na tulipopita Kongwa nikaiongezea ukali. Abiria wa pembeni yangu alihamia kiti cha nyuma. Nadhani nilikuwa naisema kwa sauti.

Mpwapwa tuliingia saa nne kasoro. Bodaboda aliyenipokea alikuwa Elia, jirani yetu, mtu mzima mwenye familia yake. Njia nzima aliniuliza habari za Damari, kama uvimbe umepungua, kama presha imepimwa. Nikasema moyoni, nina jirani mwema.

Nyumbani nilimkuta Damari amekaa kizingitini, miguu imeumuka kama unga wa maandazi. Hasira zote zikaniisha, nikaogopa, sifichi. Mimba iliyotangulia hii tuliipoteza kwa presha, na ilianza hivihivi. Elia akambeba taratibu mpaka zahanati, akamshusha na kuondoka haraka. Mimi nilifuata kwa miguu.

Zahanati, saa sita kasoro. Akina mama sita walikuwa benchini, wawili tu na waume zao. Nesi Theresia, mama wa makamo aliyehamia kwetu mwaka huu na kutujua kwa daftari tu, alitupokea mlangoni. Nikamwamkia, nikataja jina langu, Yeremia. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Mume wa Damari alishakuja mwezi uliopita. Yeremia. Tulimpima damu hapahapa. Wewe ni nani?"

Jamani! Nikamgeukia mke wangu, wivu umenipanda mpaka masikioni.

Damari alisimama akishikilia ukuta. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nesi, yule alikuwa Elia wa bodaboda. Nilimwazima, nikampa jina la mume wangu, ili unipime. Jana hakupatikana, ukanirudisha. Ungenipima peke yangu nisingemwazima mtu."

Mwanamke mwenye kitenge cha kijani, kutoka benchini, akasema polepole kwamba hata yeye alikuja na Elia. Wa pembeni yake akainua mkono, na yeye vilevile. Kumbe Elia alikuwa mume wa watatu, ukiacha mke wake wa ndoa! Wivu ulinitoka palepale, nikacheka mpaka nikashika tumbo.

Nesi hakucheka. Alikuwa anapekua daftari, na uso wake ukabadilika. Majibu ya damu aliyoyaandika kwa majina ya waume watatu yalikuwa ya mtu mmoja. Akina mama wale walirudi nyumbani na vipimo visivyo vya waume zao. Akalifunga daftari. Akasema alidhani anawavuta wanaume waje kliniki, kumbe alikuwa anawafukuza wake zao, na akawaomba radhi wote, kwa sauti ya kusikika. Nilimheshimu sana kwa hilo.

"Kuanzia leo atatangulia aliyewahi kufika," alisema. "Ila mgonjwa hapangi foleni. Nani kati yenu ana hali mbaya kuliko wote?"

Benchi zima lilimwonyesha Damari.

Presha ilikuwa juu. Haikupita saa moja, tukawa kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali mjini. Daktari alisema tumewahi, na tangu nizaliwe sijasikia neno tamu kama hilo. Alilazwa siku nne, uvimbe ukapungua. Nami nilipima damu yangu mwenyewe, kwa jina langu mwenyewe, kisha nikapanda basi kurudi Dodoma, naimba peke yangu kama mlevi.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa kazini, nikampigia Damari kumwambia kwamba nakuja. Akanikatalia. Alikuwa ameshatoka kliniki, peke yake, saa tatu asubuhi. Presha imepimwa, mapigo ya mtoto yamesikilizwa, na nesi alimuuliza anajisikiaje, akasubiri jibu. Akaniambia nibaki kazini, yeye anapokelewa vizuri.

Hilo ndilo nililojifunza: mwanamke anayepokelewa vizuri kliniki haazimi mume. Mwezi wa tisa ulipotimia nilikwenda Mpwapwa tena. Binti alizaliwa mzima, mama yake mzima. Sisi akina baba tulikuwa nje ya wodi, kwenye benchi, tumeambiwa akina mama na watoto wakihudumiwa wote ndipo zamu yetu itafika, na hakuna aliyenung'unika.