Kuprinti Bila Karatasi

Mama aliteremka kutoka Chawia hadi Voi aone kwa macho yake hiyo kompyuta ninayosomea. Nikajigamba, "Ngoja nikuprintie jina lako." Nikaandika amri ya print, nikatia jina lake ndani ya mabano na alama za kunukuu, nikabonyeza. Likatokea kwenye skrini, herufi zote sawa.

Mama bado alikuwa amenyoosha mkono. Kwetu kuprinti ni karatasi, inatoka kwa mashine ikiwa na joto.

"Mama, hii print inaonyesha kwenye skrini tu," nikamwambia. Mjinga gani aliipa amri hii jina hilo? 

Akarudisha mkono mapajani. "Haya, nimeliona. Sasa wenzangu kanisani nitawaonyesha nini?"