Matofali ya Mama Goreti

Watu wengi husifia harufu ya udongo mkavu unapopata mvua ya kwanza. Shemeji yangu mmoja husimama mlangoni kabisa, akavuta pumzi na kusema hapo ndipo anapojua yuko nyumbani. Mimi harufu hiyo hunifanya nifunge dirisha. Ikinikuta njiani naongeza mwendo. Nikiulizwa nasema nina mafua, na kwa kuwa mwezi wa tisa hapa Kigoma vumbi humpa kila mtu mafua, hakuna aliyewahi kunibishia. Ukweli ni kwamba ninaposikia harufu hiyo naona matofali mabichi yakiyeyuka, na mwanamke amesimama mbele yake na mikono imelegea. Nilikuwa na miaka kumi na moja wakati huo, na sasa nina wajukuu. Aibu yake bado ni mbichi.

Tulikuwa tukiishi Mwandiga, nyumba za mwisho bondeni kabla barabara haijaanza kupanda kuelekea Kasulu. Vilima vilituzunguka karibu pande zote, na kwa sababu hiyo kiangazi chetu kilikuwa na baridi ambayo watu wa Ujiji, kule chini ufukweni, hawakuamini tulipowasimulia. Mwezi wa saba ukungu ulilala bondeni mpaka saa tatu asubuhi, nasi tulikwenda shule tumejikunyata, mikono imefichwa kwapani. Ukipanda kilimani siku hizo huoni ng'ambo ya ziwa, moshi wa mashamba umeziba kila kitu. Siku milima ya Kongo ilipojitokeza safi, watu wazima walianza kutazama majembe yao. Baba yangu hakuridhika na milima peke yake. Alikuwa fundi mwashi, na fundi mwashi anaishi kwa hali ya hewa, kwa hiyo alikuwa na redio ya betri ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kusema siku mbili tatu zaidi. Kila mwaka mvua zilipokaribia, redio ilisoma mwelekeo wa msimu: zitaanza lini, zitakuwa nyingi au haba, wakulima wafanye nini. Siku hiyo hata kuku alifukuzwa asipige kelele. Kisha baba alinituma nyumba kwa nyumba nikawaambie majirani. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi. Watu wazima waliacha walichokuwa wakifanya ili wanisikilize mimi.

Mwaka ninaousema, wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa kila mahali. Wengi walipelekwa kambini, lakini wengine walibaki vijijini kwa watu waliowafahamu au waliowahurumia. Mama Goreti alitufikia mwishoni mwa masika, ana binti wa miaka sita na mtoto wa kiume mgongoni. Yeye na mumewe walipotezana njiani. Waliwahi kukubaliana kwamba wakitengana wakutane Mwandiga, kwa sababu mume aliwahi kuja kulima vibarua huku na ndilo jina pekee la upande huu alilolijua. Baba alimpa kipande cha ardhi nyuma ya migomba yetu. Akajenga kibanda cha majani hapo, akaanza kungoja.

Mwezi wa sita mwenyekiti wa kitongoji alipita kutangaza kwamba wageni wanaolala kwenye vibanda watapakiwa kwenye malori kwenda kambini. Mwenye nyumba ya kueleweka, na mwenyeji wa kumdhamini, angeangaliwa kwa namna nyingine. Baba akamwambia Mama Goreti, "Fyatua matofali. Ukiwa na matofali ya kuchoma, mimi nitakusimamishia chumba kimoja, kisha nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti." Akamwazima kalibu yake ya mbao. Basi kiangazi kizima tulimwona akichota maji mtoni, akikanyaga udongo kwa miguu, akijaza kalibu na kuipindua, tofali baada ya tofali, na Goreti akimletea udongo kwenye sufuria iliyotoboka. Kufikia mwisho wa mwezi wa nane matofali yalikuwa yamepangwa safu ndefu nyuma ya migomba, yamekauka vizuri, yanangoja kuni za kutosha ili yachomwe. Mama Goreti aliyapitia kila asubuhi akiyagusa kwa kiganja. Nilimwona mara nyingi, maana kutoka mlangoni kwetu hapakuwa hata na hatua mia.

Sasa nije kwenye aibu yangu, nisizunguke. Sisi Waha, tukisema Kiha na Mrundi akisema Kirundi, tunaelewana bila taabu. Bibi yangu aliongea na Mama Goreti siku ya kwanza kana kwamba wamekua pamoja. Kwa watu wa mikoa mingine jambo hilo lilitosha kutuita sote Warundi, na miaka ile neno hilo lilitolewa kama tusi. Shuleni nilikuwa na rafiki aitwaye Zuhura, binti wa askari aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Kiswahili chake kilinyooka, soksi zake zilikuwa nyeupe, nami nilimwabudu. Nilikuwa nimeacha kabisa kusema Kiha mbele yake. Mama Goreti hakulijua hilo. Kila aliponiona barabarani alinipungia mkono toka mbali na kuita kwa sauti ya milimani, "Amahoro, mwana wanje!" Zuhura alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwana wake? Kumbe wewe ni wa kwao," aliniambia. Tangu siku hiyo nikimwona Mama Goreti napita njia nyingine.

Jumapili moja saa saba mchana redio ilisoma mwelekeo wa msimu. Mvua kwetu zingewahi mwaka ule, na zingeanza kwa nguvu. Baba alikuwa ameshafunga vifaa vyake kwenye baiskeli, ana kazi ya wiki nzima Ujiji, na mama alikuwa Kasulu akimuuguza shangazi. Baba alinishika bega. "Nenda sasa hivi kwa Mama Goreti. Mwambie mvua zinawahi. Asingoje kuni zaidi, achome hayo hayo kwa kuni alizonazo. Na kama hawezi, akate nyasi ayafunike. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akapanda baiskeli akaondoka. Nikatoka. Zuhura alikuwa amesimama barabarani na mpira wa rede wa soksi, na nyuma ya migomba Mama Goreti alikuwa amekwisha kuniona, mkono uko juu. Zuhura akaniuliza, "Unakwenda kwa ndugu zako?" Nikamjibu, "Ndugu gani? Nilikuwa nakuja kwako." Tukaenda kucheza rede mpaka jua likapoa.

Nilijiambia ningekwenda kesho. Kesho yake nikasema kesho. Jumatano mchana tulikuwa bombani tumepanga ndoo, mimi na Zuhura na watoto wengine, Mama Goreti akaja na mzigo mkubwa wa nyasi kichwani. Alikuwa hajaambiwa na mtu. Ameziona mwenyewe dalili, mawingu yamekaa vibaya juu ya kilima, naye ametoka kwenye milima yenye mvua kuliko yetu. Alisimama mbele yangu, akaonyesha juu kwa kidevu, akaniuliza kwa Kirundi chake: redio ya mzee imesemaje kuhusu mvua? Alijua mimi ndiye mtoto wa kuulizwa. Zuhura alikuwa akinitazama, tayari kucheka. Ningeweza kusema maneno mawili tu. Lakini ningesema ukweli siku hiyo, baba angekuja kujua kwamba ulichelewa siku tatu mikononi mwangu. Na ningemjibu kwa lugha anayoielewa, Zuhura angesikia jinsi ulimi wangu ulivyoizoea. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, nikitikisa kichwa ili aelewe, "Redio imesema bado. Bado sana." Mama Goreti akatazama tena mawingu, akanitazama mimi. Kisha akatua mzigo, akashusha pumzi na kutabasamu. "Urakoze, mwana wanje," akasema, yaani ahsante mwanangu. Nyasi zile akazigawa pale pale kwa mama mmoja aliyekuwa akiezeka banda la mbuzi.

Alhamisi alasiri mvua ilishuka kutoka kilimani na mawe ndani yake. Ilipiga bati letu kiasi cha kutosikia mtu anayesema karibu nawe. Nilikaa chini ya meza, kaka yangu mdogo Yusufu akidhani naogopa radi, akanishika mkono kunituliza. Ilipopungua nilifungua mlango, na harufu ile ikaingia ndani. Nyuma ya migomba safu za matofali zilikuwa zimelainika na kuinamiana, maji mekundu yanatiririka kwenda mtoni. Goreti alikuwa akijaribu kuokota yaliyosalia, na kila alilolishika lilimegekea mkononi. Mama yake hakuwa akifanya kitu. Nikafunga mlango.

Baba alirudi Jumamosi, akapitia kwa Mama Goreti kabla hajafika nyumbani. Aliniita. Nilikwenda nikijua kipigo kinaningoja, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na mkanda wake ulikuwa mzito. Akauliza kwa Kiha, "Mama Goreti, mtoto huyu hakuleta ujumbe wangu?" Mwanamke yule alinitazama. Sijui aliona nini usoni pangu. Nadhani aliona yote, kuanzia mkono alionipungia Jumapili mpaka bombani. Akamgeukia baba. "Aliuleta, Mzee. Alikuja, akasema. Ni mimi niliyeona bado kuna siku." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna aliyenizuia. Nikatazama miguu yangu.

Baba hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alitikisa kichwa, akaokota kalibu yake iliyokuwa imeegeshwa kwenye mgomba, akaipangusa tope, akaondoka nayo. Nyumbani alisema mtu asiyesikia huwezi kumsaidia. Kwa mwenyekiti hakwenda. Wiki mbili baadaye lori lilisimama barabarani. Mama Goreti alipita kwetu kuaga, akamshukuru baba kwa ardhi, na kumwomba kitu kimoja: akija mwanamume mrefu mwenye kovu kwenye nyusi, aelekezwe kambini. Kisha akanishika kichwa kwa kiganja kile kile alichogusia matofali. Sikusema kitu hata hapo. Mwaka uliofuata tulihamia Gungu, na katika nyumba ya Mwandiga wakaingia watu wengine wasiojua habari za Mama Goreti.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawafundisha vijana wengi kazi, na hakuna hata mmoja asiyesimuliwa kisa cha yule Mrundi aliyeambiwa mvua inakuja akakaa. Kwetu jina lake likawa msemo. Anayepuuza dawa, Mama Goreti. Anayechelewa kupalilia, Mama Goreti. Nilikaa kwenye mkeka nikasikia wageni wakicheka, na kuna siku, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Mtu aliyenikinga na mkanda kwa uongo mmoja nilimlipa kwa kuliacha jina lake lichekwe miaka yote hiyo. Baba alizikwa akiamini kwamba hakusikilizwa. Nilikuwa nikimlisha uji siku zake za mwisho, tukiwa wawili tu chumbani, na bado sikuweza.

Siku hizi utabiri hauhitaji mtoto wa kutumwa. Unakuja kwenye simu, na aliye Buzebazeba hapa mjini anaupata saa ile ile na aliye Kasulu. Wakimbizi nao wamekuja tena, wakaondoka, wakaja wengine, na watoto wa mjini bado wanatupiana neno lile lile. Mwezi wa tisa uliopita nilikuwa kwa Yusufu, ambaye amerithi kazi ya baba. Simu ilileta habari kwamba mvua zinawahi. Yusufu akamwambia binti yake mdogo, Rehema, akaanue nguo na kufunika mifuko ya saruji, na Rehema akasema atakwenda akimaliza mchezo wake. "Haya, kaa hapo kama Mama Goreti!" kaka yangu akafoka huku akicheka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama Goreti hakuambiwa." Nikaeleza yote, tangu redio mpaka lori. Yusufu aliacha kucheka, akatazama ukutani mahali ilipo picha ya baba, akatoka nje kufunika saruji yake mwenyewe.

Rehema alibaki. Aliniuliza kama yule mume alikuja. Nikamwambia sijui, na kama alikuja hakumkuta mtu wa kumwelekeza. Akafikiri kidogo, akauliza swali ambalo katika miaka yote hiyo sikuwa nimeulizwa na mtu. "Kwani shangazi, kwake kulikuwa mbali?"

Nikamwambia hapana. Ukisimama mlangoni kwetu ulikuwa unayaona matofali. Akaendelea kunitazama, akingoja nimpe sababu nyingine, na huko nje mvua ikaanza.